Nani Ameshika Kumbukumbu Yako? Riwaya Nne za Vijana Waliosahau, na Ipi Uanze Nayo

Mwana wa kakangu alikuja kwangu mtaani Langoni, Lamu, Ijumaa moja baada ya alasiri, akakaa barazani, akanielekezea simu yake. "Shangazi, nina pesa ya kitabu kimoja tu. Nichukue kipi katika hivi?" Palikuwa na majina manne: The Giver, The Maze Runner, The Adoration of Jenna Fox na Slated. Vyote ni riwaya za vijana za bunilizi ya kisayansi, vyote vimejengwa juu ya mtu au watu waliopoteza kumbukumbu, na vyote vilikuwa vimesifiwa na wenzake wa shule, kila mmoja akisifu kile alichokisoma yeye.

Pesa ya kitabu kimoja si neno dogo kwetu. Riwaya ya Kiingereza ya namna hii ni nadra kuiokota dukani Lamu. Huagizwa Mombasa au Nairobi, ikapanda basi mpaka Mokowe, ikavuka kwa boti, na ikishafika imefika, huirudishi. Nyingine huachwa na wageni katika nyumba za Shela, majalada yamejikunja kwa chumvi, na hapo huchagui, unachukua ulichopewa. Mimi nimebahatika kuvisoma vyote vinne, viwili kati yake zaidi ya mara moja. Hata hivyo sikumjibu siku ile, kwa sababu jibu la haraka lingekuwa kitabu nikipendacho mimi, na yeye hakuniuliza hilo.

Nilivyovipima

Swali la kwanza nililokiuliza kila kitabu: ni kusahau gani huku? Watu husema "kupoteza kumbukumbu" kana kwamba ni maradhi mamoja. Bibi yangu, ninayekaa naye, analikumbuka jina la nahodha wa jahazi lililomleta babu kutoka Pate, lakini chai aliyokunywa asubuhi hana habari nayo. Usahaulifu wa uzeeni mara nyingi huanza hivyo, ya karibuni yakatangulia kuondoka na ya kale yakabaki. Kuna kisa kingine ambacho kila anayesoma habari za ubongo hukutana nacho. Mwaka 1953 huko Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili kutibiwa kifafa, akaondolewa sehemu za hipokampasi, mahali pa ubongo panapoweka kumbukumbu mpya, pande zote mbili. Jina lake alilijua, utoto wake aliukumbuka, ila tangu siku ile hakuweza kuweka kumbukumbu mpya mpaka alipofariki mwaka 2008. Walipomfundisha kuchora nyota huku akitazama mkono wake kwenye kioo, kila siku alichora vizuri zaidi, na kila siku aliapa hajawahi kuifanya kazi ile. Mkono ulikumbuka, kichwa hakina habari.

Riwayani mambo hugeuzwa juu chini: kijana anaamka, anajua kusema, anajua ng'ombe ni nini, hajui mamake ni nani. Kusahau kwa namna hiyo madaktari hukutana nako kwa nadra sana. Simlaumu mwandishi, maana bila hilo hana hadithi, lakini nataka anipe sababu ninayoweza kuimeza.

Swali la pili ndilo langu hasa. Mtoto akipotea njia mjini kwetu, mtu wa kwanza kumwona humuuliza, "Wewe mwana wa nani?" Hata akinyamaza, kabla ya magharibi atatokea wa kusema huyu ni wa fulani, nyanyake ni fulani, kwao ni ile nyumba ya mlango wa nakshi. Sehemu kubwa ya kumbukumbu ya mtu huwa mikononi mwa wengine. Watu wa Shela husimulia kwamba asili yao ni Takwa, upande wa kisiwa cha Manda, mji ulioachwa karne ya 17. Sababu ya kuhama kila mtu ana yake, lakini wazee bado huvuka kwenda kusoma dua penye kaburi la mnara. Ule ni mkono wa Molaison, ila wa mji mzima. Basi nikifungua riwaya ya mtu aliyesahau, kwanza namtafuta aliyebaki na kumbukumbu yake, na anaitumia kufanya nini. Vitabu hivi vinne vinaachana hapo kuliko popote pengine.

Mengine matatu ni ya kawaida, nayo nimeyapima vilevile: Kiingereza chake kikoje kwa kijana anayekisoma kama lugha ya tatu, ukali wake ukoje, na hadithi inaishia palepale au inakuburura mpaka kitabu cha pili na cha tatu, nawe pesa ulikuwa nayo ya kimoja.

The Giver

Lois Lowry wa Marekani alikitoa mwaka 1993, na mwaka uliofuata kikapata Nishani ya Newbery, ambayo hutolewa huko kwa vitabu vya watoto tangu 1922.

Kusahau kwa humu si kwa mtu mmoja. Ni mji mzima uliosahau, tena kwa hiari. Jonas anakaribia miaka 12, na kwao hakuna rangi, hakuna vilima, hakuna theluji wala wimbo. Mke hupangiwa mume, na watoto huombwa wakaletwa. Kila mtu ni mpole, na hakuna anayejua kwamba amekosa kitu. Zamani sana wakubwa walikata shauri kwamba kumbukumbu ndiyo inayoleta vita na machungu, wakaitoa kwa watu. Namna walivyoitoa haielezwi vizuri. Anayetaka mitambo na waya hapa hatashiba.

Walichofanya ni kumtwika mzee mmoja zamani yote. Jonas anachaguliwa kuipokea: analala kifudifudi, mzee anaweka viganja mgongoni mwake, na kumbukumbu inapita. Ya kwanza ni ya kuteleza kwa kigari cha mbao juu ya theluji. Kila inayotolewa humtoka mtoaji. Hapo nilikumbuka chuo cha Kurani, tulivyokuwa tukipokea aya kutoka kinywani mwa mwalimu mpaka zikakaa kifuani. Tofauti ni kwamba mwalimu wetu alitupa na yeye akabaki nazo. Na mtu aliyelelewa akisikia Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya majumba ya Pate yaliyobakia na popo, ataujua mzigo wa mzee huyu mapema kuliko msomaji wa London. Washairi wetu waliyataja magofu kwa sauti ili mji mzima uumie pamoja. Mji wa Jonas umemtafuta mtu mmoja aumie kwa niaba ya wote.

Lowry mwenyewe amesimulia kilichomsukuma. Babake alikuwa mzee katika nyumba ya kutunzia wazee, kumbukumbu zikimtoka. Akiiona picha ya bintiye Helen, dadake Lowry, alikuwa akiuliza yuko wapi. Helen alishafariki kwa saratani miaka mingi nyuma. Wakimwambia, huzuni inamshika upya, kisha anasahau, anauliza tena. Lowry akajiuliza: kusahau uchungu kama huu si rehema? Kitabu kizima ni swali hilo likizungushwa.

Nilimsomea bibi sura ile ya theluji, nikiigeuza Kiswahili papo hapo. Theluji hajaiona, nami sijaiona, nikasema ni kama mtoto anavyoteleza kwenye vilima vya mchanga vya Shela, ila mchanga wenyewe ni wa barafu. Akacheka pale kigari kinaposhika kasi. Kesho yake aliomba hadithi mpya. Nikamsomea ileile, akacheka palepale. Ilikwenda hivyo usiku tatu, wa nne umeme ukapotea.

Kiingereza chake ndicho chepesi kuliko vyote vinne: sentensi fupi, maneno ya kila siku, sura 23 katika kurasa zisizofika 250. Wepesi huo hudanganya, kwa sababu yapo maneno matamu ambayo watu wa mji ule huyatumia kuficha mambo machungu, na msomaji hukawia kulitambua hilo. Damu ni kidogo sana. Ipo kurasa moja ya mtoto mchanga na sindano ambayo imenielemea kuliko mazimwi yote ya kitabu kinachofuata. Mzazi wa mtoto wa miaka 11 aisome kwanza yeye. Mwisho wake unaning'inia, wasomaji hugombana kama Jonas amefika au hakufika. Vipo vitabu vitatu vilivyofuata, Gathering Blue wa 2000, Messenger wa 2004 na Son wa 2012, lakini mtu anaweza kuishia cha kwanza na asijione amedhulumiwa. Filamu ya 2014 ilimfanya Jonas kuwa kijana mkubwa, na hilo hubadilisha mambo mengi. Aliyeitazama hajakisoma kitabu.

Kinamfaa msomaji apendaye kubishana akishamaliza, na kinafaa sana kusomwa kwa sauti watu wakiwa wamekaa pamoja. Anayetaka mbio atapiga miayo mpaka nusu.

The Maze Runner

Hiki ni cha James Dashner, 2009. Thomas anazinduka gizani, ndani ya lifti ya chuma inayopanda. Jina lake la kwanza analo, mengine hana. Mlango unafunguka, anawakuta wavulana kama 60 wanaoishi katika uwanja uliozungukwa na kuta ndefu. Nje ya kuta ni kichochoro ndani ya kichochoro, kuta hujisogeza usiku, na milango minne hujifunga jua likizama. Kila mwezi huletwa mvulana mmoja mpya, na imekuwa hivyo miaka miwili. Wakimbiaji hutoka asubuhi, wakakariri mapito, wakarudi kuyachora. (Mgeni aliyepotea katika vichochoro vya mtaa wetu wa Mkomani saa sita mchana huamini kabisa kwamba kuta zetu nazo hujisogeza.)

Kusahau hapa kumefanywa na watu, kwa makusudi na kwa ustadi. Kilichofutwa ni nyuso, majina na nyumbani. Kilichobaki ni lugha na ujuzi wa vitu. Kama unapenda kufikiri jinsi kumbukumbu zinavyotengana, Dashner amekukatia mstari ulionyooka: Thomas anajua filamu ni nini, hajui aliitazama na nani. Kisha kuna jambo moja nililolipenda. Mdudu wa kutisha wa kule nje akimchoma mtu, na mtu akapewa dawa, hupita katika mateso ya siku kadhaa, na katika mateso hayo vipande vya kumbukumbu humrudia. Wengi hutoka humo wakitamani wasingekumbuka.

Ameishika nani? Waliowatia humo. Wavulana hawawajui, wanaona herufi zao tu. Swali la "mwana wa nani wewe" halina wa kulijibu hata mmoja, na ndiyo maana wamejipa kazi, sheria na vyeo, na hata maneno ya kwao. Wakubwa huwa wawili watatu, mdogo hutumwa. Aliyekaa shule yoyote ya bweni atayatambua maisha hayo.

Maneno hayo ya kwao ndiyo kikwazo cha Kiingereza. Ni kama Sheng ya watu 60, haimo katika kamusi, na kurasa 50 za mwanzo humkera msomaji kwa sababu yeye pia, kama Thomas, hajui kinachosemwa. Avumilie. Baada ya hapo sentensi ni nyepesi, sura ni fupi, ziko 62, na karibu kila moja imekatwa mahali unapotaka kujua kilichotokea. Kimezidi kurasa 350 na nimewaona watoto wakikimaliza kwa siku tatu. Ukali ni mwingi: watu hufa, na hufa watu uliokwisha kuwapenda. Mapenzi ni kidogo mno, msichana ni mmoja tu.

Ubaya wake kwa mwenye pesa ya kitabu kimoja ni huu: hakiishi. Ukurasa wa mwisho ni mlango wa The Scorch Trials, 2010, na huo ni mlango wa The Death Cure, 2011. Tena maelezo ya kwa nini watoto walifutwa kumbukumbu yanakuja baadaye, na nasema bila kuficha kwamba hayakunishibisha. Mwendo ni mzuri kuliko jibu. Kinamfaa kijana asiyezoea kusoma, hasa yule anayesema vitabu humlaza usingizi.

The Adoration of Jenna Fox

Mary E. Pearson, naye Mmarekani, alikichapisha mwaka 2008. Kati ya vinne hiki ndicho kisichojulikana sana barazani, na ndicho nilichokirudia mara nyingi zaidi. Naomba mniwie radhi nikikawia.

Jenna ana miaka 17. Ameamka kutoka katika usingizi wa maradhi uliochukua zaidi ya mwaka baada ya ajali. Wazazi wake wamemhamisha kutoka Boston wakampeleka California, katika nyumba ya peke yao, na hakuna rafiki anayekuja kumjulia hali. Kutembea kunamtatiza, maneno yanamponyoka, na humtaka radhi kila mtu kwa makosa asiyoyajua. Kisha anagundua kwamba kuna mambo anayajua mno: kurasa za historia alizowahi kuzisoma anazitoa neno kwa neno. Mtu amesahau sauti ya rafiki yake wa karibu, lakini kitabu cha shule kimo chote! Sababu yake kitabu inayo, nayo ni ya kisayansi kweli, inahusu mwili na ubongo na kazi ya baba yake. Sitaitoboa. Nitasema tu kwamba katika vinne hivi, hapa ndipo sayansi na kusahau vimefumwa uzi mmoja, na ukiondoa kimoja hadithi inafumuka.

Wanaoshika kumbukumbu yake ni wanaompenda. Wamerekodi maisha yake yote tangu kuzaliwa, kila sikukuu, kila mashindano ya dansi, na wanampa diski azitazame moja baada ya moja mpaka awe Jenna tena. Nilipokisoma mara ya kwanza niliwaona wazazi wale ni wema. Mara ya pili nilianza kuwaogopa. Mtu anayekwambia "wewe ulikuwa ukipenda hiki" mara mia anakukumbusha, au anakufinyanga? Nami humwambia bibi kila siku kwamba yeye alikuwa fundi wa kushona kofia za viua na kwamba hakupenda pilipili. Siku moja alikula pilipili akafurahi, nami, Mungu anisamehe, nilimkataza kwa sababu "wewe huli." Kitabu hiki kilinishika mkono pale.

Yumo bibi pia. Jenna humwita kwa jina lake, Lily, na mwana wa kakangu aliponisikia nikisema hivyo alishtuka kuliko aliposikia habari ya mazimwi. Lily peke yake ndiye asiyejifanya kwamba kila kitu kimerudi kama kilivyokuwa, na maswali yake ni ya roho: iko wapi, inakaa na kiasi gani cha mwili? Kijana aliyekulia kwetu atakuwa na majibu yake tayari, na atapenda kuyapambanisha na ya kitabuni.

Kiingereza: Jenna anasimulia mwenyewe, kwa sasa hivi, sentensi nyingine neno moja, nyingine kama shairi. Si kigumu kwa msamiati, ni kigumu kwa yasiyosemwa. Kina mwendo wa polepole kuliko vyote, na anayesoma akiruka mistari hatapata kitu. Ukali wa damu hamna. Ipo huzuni, yapo maswali ya uhai na kufa ambayo mtoto wa miaka 11 pengine hayamhusu bado. Kimeendelezwa katika The Fox Inheritance, 2011, na Fox Forever, 2013, lakini hadithi ya Jenna mwenyewe imefungwa vizuri katika cha kwanza. Mimi sikuhisi haja ya kuendelea.

Kinamfaa aliyetulia, mwenye miaka 15 kwenda mbele, na kwa namna ya pekee anayeishi na mgonjwa wa kumbukumbu nyumbani. Msichana anayeandika shajara kwa siri atakipenda. Mvulana anayeandika kwa siri pia, nao wapo, hawasemi.

Slated

Teri Terry, 2012. Hadithi iko Uingereza ya mwaka 2054, baada ya ghasia. Kyla ana miaka 16 na anatoka hospitalini kwenda kwa familia mpya aliyopewa. Serikali imemfuta kumbukumbu, kama inavyowafanyia wahalifu wote wasiofika miaka 16: badala ya jela, wanaanza upya. Mkononi amevishwa Levo, kifaa kama saa kinachopima furaha yake. Hesabu ikishuka sana anazimia, ikishuka zaidi inaweza kumuua. Hasira, huzuni, wasiwasi, vyote ni hatari ya uhai.

Hiki ndicho kifaa kilichobuniwa vizuri kuliko vyote katika vinne. Hebu fikiri kijana ambaye haruhusiwi kununa.

Aliyeishika kumbukumbu ni dola, na haina nia ya kuirudisha. Msomaji hajui kama Kyla alifanya kosa kweli, naye Kyla hajui, na waliomzunguka wengine wanaogopa hata kuuliza. Lakini usiku anaota mambo ambayo hayapaswi kuwemo kichwani, na mkono wake unajua kuchora. (Molaison tena, ingawa sijui kama Terry alimfikiria.) Watu hutoweka, walimu hunyamaza, magari meusi hupita. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana hofu ya mtu aliyechukuliwa na hakuna ofisi inayosema yuko wapi.

Kiingereza ni cha Uingereza, chepesi, cha mtindo wa vitabu vya shule tulivyozoea. Ukali uko kati kwa kati, zaidi ni wasiwasi. Kuna mapenzi ya kijana na msichana, ya heshima. Kama The Maze Runner, hakiishii hapo: Fractured, 2013, na Shattered, 2014, ndivyo vinavyotoa majibu, na bila ya hivyo utabaki na maswali mengi kuliko ulivyoanza. Kinamfaa anayependa siri inayofunuka kidogo kidogo na anayefuatilia habari za siasa, hata kama hukana.

Kulingana na ulivyo

Kama una pesa ya kitabu kimoja na hujui kingine utakipata lini, uko kati ya The Giver na Jenna Fox, kwa sababu viwili hivyo vinasimama peke yavyo. Umri ndio utakaokuamulia. Chini ya miaka 14, cha Lowry. Zaidi ya hapo, jiulize kama unapenda mji au unapenda mtu: The Giver ni kitabu cha mji, kile kingine ni cha msichana mmoja.

Kama unamnunulia mtu ambaye hajawahi kumaliza riwaya ya Kiingereza, usimpe kilicho bora kwako. Mpe The Maze Runner, mwambie mapema kwamba zile kurasa 50 za maneno ya ajabu hata Thomas mwenyewe hazielewi. Ila uwe tayari, atakuja kuomba cha pili kabla ya wiki kwisha, na labda cha tatu.

Mwalimu anayetaka kitabu cha kusoma na darasa achukue The Giver kwa wepesi wake na kwa ugomvi utakaozuka mwishoni, au Slated kama darasa ni la wakubwa na yeye haogopi maswali ya serikali. Cha Jenna Fox kusomwa na watu 40 sikishauri. Ni cha kusomwa na mtu peke yake, mlango umerudishwa.

Mwenye mgonjwa nyumbani ninamwambia polepole. The Giver kitamfariji na kumuudhi kwa zamu. Jenna Fox kinaweza kumchoma, kwa hiyo asikianze wiki ambayo mambo ni mazito.

Aliyetazama filamu ya The Maze Runner, ya 2014 nayo, na akajiona anaijua hadithi, ahamie Slated. Atapata wasiwasi ule bila kujua mwisho.

Mwana wa kakangu alichukua The Maze Runner, na sikumzuia. Nilimwambia tu kwamba wenzake watatu nao wana pesa ya kitabu kimoja kimoja, na watu wanne wakikubaliana mapema wasinunue kinachofanana, wanasoma vyote vinne kabla ya Ramadhani. Zamu niliyowapangia ni hii: cha mbio kwanza, kisha Slated, kisha The Giver, na Jenna Fox mwisho, mtu akishazoea kusoma polepole. Na aliye na kitabu asikipeleke ufukweni. Chumvi nimeshaisema.